Kamba, mkanda au tai za plastiki: umfungie nini nguruwe mwitu mnapowinda na mbwa Texas

Watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Houston, Dallas au San Antonio wakialikwa kwa mara ya kwanza kuwinda nguruwe mwitu na mbwa, huuliza habari za mbwa, za bunduki na za vibali. Habari ya kamba hawaiulizi. Inakuja kuulizwa usiku, kichakani, mbwa ameng'ang'ania sikio, nguruwe wa kilo 80 anajipindua kwenye matope, na aliyemshika miguu ya nyuma anapiga kelele apewe kitu cha kufungia. Hapo hakuna kuchagua tena. Kilichomo mfukoni ndicho kitakachotumika.

Ndiyo maana nataka tuvilinganishe vifungio hivi mapema, tukiwa tumekaa. Karibu kila kimoja kinaweza kumfunga nguruwe. Tofauti kubwa iko kwenye mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi sana: kifungio kinaufanya nini mguu wa mnyama saa nzima baada ya kufungwa, na kinafunguliwaje bila mtu kuumia. Hivyo ndivyo vipimo vyangu.

Afungwe, au auawe hapo hapo?

Ulinganisho huu unatangulia ule wa kamba, kwa sababu wawindaji wengi wanafunga nguruwe ambao hawakuwa na sababu ya kuwafunga.

Nguruwe hawa si ngiri wala nguruwe pori wa kwetu. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa Amerika na Wahispania tangu karne ya 16, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya uwindaji. Texas peke yake ina zaidi ya milioni 2. Wanafukua mashamba ya mahindi na karanga, wanachafua vijito, wanakula mayai na watoto wa wanyama wengine. Kwa hiyo sheria ya Texas imelegezwa sana: tangu Septemba 1, 2019, huhitaji hata leseni ya uwindaji ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi na mwenyewe amekuruhusu. Kwa Mkenya aliyekulia nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu 1977, hilo linashangaza.

Lakini kumsafirisha akiwa hai ni jambo lingine. Nyama itakayouzwa lazima itoke kwa mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi akiwa bado hai, na hiyo ndiyo sababu wanunuzi wanamtaka mzima. Tume ya Afya ya Wanyama ya Texas inakubali apelekwe moja kwa moja machinjioni, au kwenye kituo cha kuhifadhia kilichoidhinishwa, au kwenye hifadhi ya uwindaji iliyosajiliwa, na huko hifadhini madume tu. Kumwachia kwenye shamba jingine ni kosa, hata shamba likiwa la rafiki yako. Majimbo mengine ni makali zaidi. Tennessee, kwa mfano, hairuhusu kabisa kumiliki wala kusafirisha nguruwe mwitu aliye hai.

Basi kama huna mnunuzi mnayejuana, huna trela yenye kizimba, au mko mbali na barabara na joto limepanda, msimfunge. Mwenye uzoefu ammalize haraka kwa kisu, kwa kuwa risasi haipigwi mbwa wakiwa wamemng'ang'ania. Kumfunga mnyama, kumburuza saa mbili, kisha kumchinja nyumbani ni mateso yasiyo na faida kwa mtu yeyote, na nyama yake hutoka mbaya.

Halafu tazama shingo yake kabla ya yote. Mnyama mdogo wa kilo 16 hadi 27, mwenye ukanda mweupe kama kola kuzunguka mabega, si nguruwe mwitu. Huyo ni javelina, mnyama wa asili wa huko, ambaye kumwinda kunahitaji leseni na kuna kikomo kisheria. Waiteni mbwa, mmwache.

Mguu wenyewe ukoje

Mbwa wa kubweka, kama Black Mouth Cur, Catahoula au Plott, ndio wanaomtafuta nguruwe na kumzingira. Mbwa wa kushika huachiwa mwisho, mmoja au wawili, wamevaa fulana nene ya kinga na kola pana. Akishashika sikio, mtu anaingia kwa nyuma, anashika miguu yote miwili ya nyuma na kuinyanyua hadi kwato ziache ardhi. Nguvu za nguruwe ziko kwenye miguu hiyo. Akiinuliwa nyuma anabaki kusukuma kwa mbele tu. Anavutwa upande, analala ubavu, na mtu wa pili anapiga goti begani kwake akiwa upande wa mgongo. Upande wa tumbo hauendewi: ndiko miguu inakopiga na ndiko chonge zinakofika. Chonge za chini za dume hukua maisha yake yote na hunolewa kwa kusuguana na za juu. Anapiga kwa kuinua kichwa juu, na kimo chake kinaangukia pajani mwa mtu, palipo na mshipa mkubwa wa damu. Bendeji ya kukaza ya kuzuia damu iwe mfukoni mwa kila mmoja. Ikibaki kwenye gari haina kazi.

Anayeshika miguu hafungi, anayefunga hashiki miguu. Kanuni hiyo ina maana kubwa kuliko kifungio chochote nitakachokitaja hapa chini.

Sasa utazame huo mguu kwa karibu, tochi ya kichwani ikiuwashia. Juu ya kwato mbili kubwa, kwa nyuma, kuna vikwato viwili vidogo visivyogusa ardhi. Juu ya hivyo vikwato mguu unakuwa mwembamba, mfupa na ngozi tu, halafu unapanda hadi kwenye kiungo cha nyuma kinachofanana na goti lililogeuka. Kifungio kinakaa pale pembamba: juu ya vikwato, chini ya kiungo. Ukifunga chini ya vikwato, kinachomoka kama soksi. Ukifunga juu ya kiungo, kitateremka chenyewe kuelekea pembamba na kulegea, na utakuja kugundua mnyama akiwa amesimama. Pia pale pembamba hakuna nyama ya kukinga mishipa, kwa hiyo kitu chochote chembamba kinakata haraka.

Kamba

Kamba ya kawaida ya kazi hii ni ile ya wachunga ng'ombe wa rodeo, mashindano ya Kimarekani ya kukamata na kufunga ndama: mita 1.8 hivi, unene wa milimita 8 hadi 10, ncha moja ina jicho la kutengenezea kitanzi. Unaibeba imevikwa begani au kuchomekwa mkandani, kitanzi kikiwa wazi tayari. Usiifunge mwilini wala usiizungushe kiganjani, hata kwa sekunde moja.

Kitanzi kinaingia mguu mmoja, mguu wa pili unaletwa juu yake vikipishana, kamba inazunguka miguu yote miwili mara mbili au tatu. Kisha inapita katikati ya miguu, ikiikaba ile mizunguko ya kwanza. Mzunguko huo wa katikati ndio wanaoanza huusahau, na bila huo mizunguko mingine inalegea kila mateke yanapopigwa. Mwisho ni fundo. Rodeo inaridhika na fundo nusu kwa sababu ndama anafunguliwa baada ya sekunde chache. Nguruwe anayesafiri anahitaji mafundo mawili, na la mwisho ncha yake irudishwe ndani ikiwa imekunjwa, ili ukiivuta fundo lote lifumuke.

Uzuri wa kamba ni kwamba inamfaa nguruwe wa kilo 20 na wa kilo 150 bila kubadilisha kitu, inagharimu kidogo, na ikikatwa kwa dharura hakuna anayesikitika. Ubaya wake ni kwamba inadai mikono iliyozoea. Mtu ambaye hajafunga mguu wa stuli nyumbani, amevaa glavu na kufumba macho, tena na tena hadi mikono ienende yenyewe, asiitegemee kamba kichakani. Vidole vyake vitakuwa vimejaa matope na moyo unamdunda.

Nyuzi za kamba nazo zinatofautiana. Nailoni ni laini, haiumizi ngozi sana, lakini ikilowa inanyumbuka na fundo linateleza, kwa hiyo likazwe upya baada ya dakika chache. Kamba ngumu ya plastiki ya manjano, ile inayouzwa kwa bei ya chini kila duka, ina kumbukumbu ya kujikunja: fundo lake hujifungua lenyewe. Sipendekezi kuitumia kabisa. Katani, ambayo sisi tunaijua tangu mashamba ya Tanga, inashika fundo vizuri sana ikiwa kavu. Ikilowa inavimba, fundo linakuwa jiwe, na ukavu wake unachubua ngozi. Kwa kufungia mzigo ni nzuri. Kwa mguu wa mnyama utakaofunguliwa gizani, hapana.

Mkanda wa nailoni wenye pete

Huu ni ukanda uliofumwa, upana wa sentimita 2.5 hivi, wenye pete ya chuma ncha moja. Ukanda unapitishwa kwenye pete na kuwa kitanzi kikubwa. Unavisha miguu yote miwili kwa pamoja, unavuta, kitanzi kinabana. Kisha unazungusha ukanda uliobaki na kuupitisha katikati ya miguu kama kwenye kamba. Mingine ina bako (bizimu) la kubana lenye meno, ambalo halirudi nyuma mpaka ulibonyeze.

Anayeanza ningempa huu bila kusita. Hauhitaji fundo la kukumbuka. Upana wake unasambaza mkazo, kwa hiyo ngozi haikatiki na kwato hazipoi kwa kukosa damu. Na la muhimu kuliko yote, unafunguka: ukiisukuma pete nyuma au ukibonyeza bako, kitanzi kinaachia chote mara moja, bila kisu kupita karibu na mguu unaopiga.

Una kasoro zake. Kwa mnyama mdogo sana kitanzi hakikazi vya kutosha kwa sababu ukanda ni mpana, na hapo kamba inaushinda. Bako likijaa mchanga na mbegu za nyasi linagoma, kwa hiyo wenye pete tupu ni wa kutegemewa zaidi kuliko wenye bako. Ile inayofungwa kwa kunatanisha iachwe dukani: tope likishaingia hainati tena. Na mkanda wa kufungia mizigo wenye mashine ya kukaza haufai miguuni kabisa. Nguvu yake ni ya kukaza mbao juu ya lori. Mguu utavunjika wewe ukidhani bado umelegea.

Tai za plastiki

Tai hizi, yaani zip ties, watu wanazipenda kwa sababu ni nyepesi, unaweka kumi mfukoni na husikii uzito. Zile nene zenye upana wa milimita 9 hivi huandikwa kwamba zinahimili pauni 175, yaani kilo 79 hivi, na mtu akisoma hapo anaona zinatosha. Kipimo hicho ni cha mvuto wa taratibu dukani. Teke la nguruwe ni mshtuko wa ghafla, na tai iliyokaa kwenye gari miezi kadhaa ikipigwa na jua la Texas imeshapoteza sehemu ya uimara wake.

Hata ile isiyokatika ina tabia moja inayonifanya niikatae kama kifungio kikuu: inakwenda upande mmoja tu. Kila mnyama anapojinyonga inakaza jino moja zaidi, na hairudi. Nusu saa baadaye imezama ngozini. Kuifungua lazima uingize kisu au koleo kati yake na mguu wa mnyama aliyekasirika, na hapo ndipo watu wanapokatwa, kwa kisu chao wenyewe. Tena kupitisha ncha kwenye tundu lake kunataka mikono miwili na mwanga mzuri, vitu viwili ambavyo huna.

Nazibeba kama akiba: kufungia ncha ya mkanda isining'inie, au kushikilia fulana ya mbwa iliyochanika. Basi.

Waya sina haja ya kuujadili sana. Aliyeona majeraha ya wanyama walionaswa na mitego ya waya Serengeti au Tsavo anajua unavyofika mfupani. Kamba nyembamba za kufungia marobota ya nyasi, ambazo hazikosekani kwenye pikapu za wakulima, zinafanya vivyo hivyo kwa kasi ndogo zaidi.

Miguu mingapi?

Wengine wanafunga miwili ya nyuma tu. Ni haraka, na inatosha ikiwa trela iko umbali wa hatua chache na mtu hatoki juu ya bega la mnyama. Ila kichwa chake kiko huru, na kwa miguu ya mbele anaweza kujivuta na kugeuka kumfikia mtu.

Mtindo wa rodeo, miwili ya nyuma pamoja na mmoja wa mbele, unamtuliza sana ndama. Nguruwe ana miguu mifupi na mwili mzito kwa mbele, hivyo unamkunja vibaya na kubana tumbo. Kufunga yote minne kwa pamoja ni kubaya zaidi, hasa ukimtundika kwenye mti abebwe na watu wawili, mgongo chini. Uzito wa tumbo unashukia kifuani na anapumua kwa shida. Picha za namna hiyo zinapendwa, lakini mnyama anayeonekana humo ananyongwa na uzito wake mwenyewe.

Ninachokishauri ni kufunga mara mbili mbali mbali: nyuma pamoja, mbele pamoja, bila kuunganisha. Alale ubavu, shingo imenyooka, na aburuzwe juu ya ubao au turubai zito. Ndiyo maana kila mtu abebe mikanda miwili, au mkanda mmoja wa nyuma na kamba moja ya mbele. Mpango huo wa pili ndio ninaoupenda mimi, kwa kuwa miguu ya mbele hutofautiana unene zaidi kati ya jike na dume, na kamba inaizoea.

Mdomo usifungwe. Najua wapo wanaouzungushia selotepu nzito wakihofia kung'atwa. Nguruwe hana tezi za jasho za kumpoza. Joto lake hutoka kwa kuhema. Ukimfunga mdomo baada ya mbio za mbwa, usiku wa Julai wenye joto la kutosha kumchosha hata binadamu aliyekaa, unamuua polepole. Hofu ya meno inatibiwa kwa kukaa upande wa mgongo. Maji ya kumwagia yawepo, kivuli kiwepo kama ni mchana, na asiachwe peke yake kusubiri mbwa wakimbize mwingine. Mbwa nao wanahitaji maji hayo hayo.

Mbwa wa kushika habanduliwi mpaka miguu ya nyuma iwe imefungwa na mtu wa pili ametamka kwa sauti kwamba tayari. Kisha anabanduliwa kwa kijiti cha taya, kinachoingizwa kati ya meno yake ili aachie, anafungwa mnyororo, na mbwa wengine wote wanafungwa, ndipo watu wasimame.

Kufungua

Hapa ndipo chaguo lako linapojieleza. Nguruwe anaingizwa kizimbani kichwa kwanza, akiangalia ndani. Miguu ya mbele inafunguliwa mwanzo, mtu akiwa upande wa mgongo na mwenzake ameishikilia ya nyuma. Kisha wote wanatoka, mlango unafungwa mpaka ubaki upenyo mdogo, na kifungio cha nyuma kinaachiwa kutokea nje.

Mkanda wa pete unafanya kazi hiyo vizuri ukiwa umefunga kamba fupi kwenye pete, ya kuivutia kutoka nje. Kamba yenye fundo la kufumuka inafanya pia, mradi ncha iwe ndefu na fundo halikulowa. Tai ya plastiki haikupi njia yoyote isipokuwa kuingia ndani na kisu.

Glavu za mpira zivaliwe chini ya zile za kazi, kutoka kufunga mpaka kufungua. Nguruwe hawa hubeba bakteria wa Brucella suis, ambao humpata mtu kupitia damu na majimaji ya mwili, hasa ya viungo vya uzazi, kwenye mkwaruzo wowote. Kamba iliyolowa damu ni rahisi: itupe. Mkanda haufai kutupwa kila safari, lakini ufumaji wake unashika damu na tope, kwa hiyo uloweke kwenye maji ya dawa ya kuua vijidudu, usugue kwa brashi, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Usiutupie nyuma ya pikapu mahali mbwa wanapolala na kulamba. Nguruwe mwitu wana virusi vya Aujeszky pia, ambavyo binadamu havimsumbui, lakini mbwa akivipata hakuna tiba.